Nyumba ya Mfano ya Kibosho

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, mbele ya wananchi wa Pasua waliokusanyika chini ya turubai la kukodi, Bwana Wenseslaus alitangaza kwamba uhaba wa nyumba katika mji wa Moshi na viunga vyake umekwisha rasmi, na kwamba yeyote atakayeonekana bado ana shida ya nyumba, basi anayo kwa hiari yake mwenyewe.

Mstari wa mbele ulipiga makofi kwa nguvu. Mstari wa mbele ulikuwa wa watumishi wake.

Bwana Wenseslaus alikuwa Mratibu wa Kitengo cha Kuongeza Makazi Nafuu, na hakuwa mtu wa kutangaza jambo bila utafiti. Kitengo kilikuwa kimepewa fungu la kujenga nyumba saba za mfano kwa watu wa kipato cha chini, na asije mtu akasema fungu lile halikujenga kitu. Kitengo kilijenga uwezo wa watumishi wake, katika hoteli moja tulivu kando ya ziwa. Kilijenga mahusiano na wadau, huko Zanzibar. Kilijenga hoja, kikajenga taswira, kikajenga na utamaduni wa kufikia muafaka. Zilibaki nyumba tu, na nyumba, kama Mratibu alivyopenda kueleza, ni hatua ya mwisho kabisa ya ujenzi wowote makini.

Ili wananchi wasicheleweshwe, Kitengo kiliamua kupitia upya maana ya maneno. Wataalamu walikaa, wakala, wakagundua kwamba kile kilichokuwa kikiitwa upungufu wa nyumba, kikitazamwa kwa jicho la kitaalamu, ni ziada ya familia. Nyumba zilikuwa zinatosha. Waliozidi ni watu.

Mwanamke mmoja alinyoosha mkono katikati ya umati. Aliitwa Mektrida, fundi cherehani, mwenye banda lake dogo la kushona sare za shule pale pale Pasua. Alieleza kwamba mwenye nyumba wake ameuza kiwanja kwa watu wanaotaka kujenga nyumba ya wageni ya watalii wa mlimani, na wapangaji wote wametakiwa kutoka mwisho wa mwezi. Vyumba alivyokwenda kuulizia, vilivyo na mlango hawezi kuvilipia, na anavyoweza kuvilipia vinaingia maji mvua ikinyesha.

"Sasa mimi na wanangu watatu," aliuliza kwa upole, "ndiyo hiyo ziada?"

Bwana Wenseslaus alimwambia asijisikie vibaya, kwa kuwa ziada ni neno jema, hata kwenye biashara kila mtu huitafuta. Kisha akafunga mkutano kwa sababu turubai lilikuwa limekodiwa hadi saa sita.

Mwisho wa mwezi ulifika, kama kawaida yake. Asubuhi moja Mratibu alipowasili kazini alimkuta Mektrida kwenye baraza la ofisi. Alikuwa na cherehani, magodoro mawili yaliyokunjwa, ndoo zenye vyombo, na watoto watatu waliovaa sare safi sana. Mwenye nyumba alikuwa ameng'oa mlango na mabati alfajiri ile, nao bado wamelala, wakaamka wanatazama mlima.

Mratibu aliwaamkia vizuri, akaingia ndani, akamwagiza mlinzi awaondoe kwa kufuata taratibu. Mlinzi aliuliza taratibu zipi. Mratibu alikuwa bado anazitafakari simu ya mezani ilipoita.

Ilitoka makao makuu. Mheshimiwa Pamela, mkuu wa ujumbe wa ukaguzi, angefika Alhamisi kuzitazama zile nyumba saba za mfano ambazo taarifa ya Kitengo ilisema zimekamilika kwa asilimia mia moja. Kwa kuwa ratiba yake ilikuwa imebana, safari hii ingetosha kumwonyesha moja, yenye watu ndani.

Bwana Wenseslaus aliweka simu chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Alikaa. Alijiona yuko mbele ya meza ndefu, akiulizwa nyumba iko wapi, naye akijibu kwamba kilichojengwa ni uwezo. Mheshimiwa Pamela hakuwa mtu wa kuelewa uwezo. Ilisemekana aliwahi kumsimamisha kazi mtu mkoa mwingine kwa kisima cha kwenye karatasi ambacho alitaka kuonja maji yake.

Ndipo alipochungulia dirishani, na kwa mara ya kwanza hakumwona Mektrida kama tatizo. Alimwona kama mnufaika.

Nyumba alikuwa nayo. Ilikuwa Kibosho, juu kabisa, katikati ya kihamba cha ukoo chenye migomba na kahawa alichoachiwa mama yake na marehemu baba. Bwana Wenseslaus aliijenga katika miaka ile ile ya Kitengo, jambo ambalo lilikuwa sadfa. Watumishi wengine sita wa ngazi ya juu nao walijenga milimani katika miaka hiyo hiyo, Machame, Marangu, Rombo, na hizo nazo zilikuwa sadfa. Yake ilikuwa ghorofa, yenye nguzo nne nene kama za kanisa, vigae vyekundu, na geti lenye vichwa viwili vya simba. Kila Krismasi geti lilifunguliwa, mbuzi akachinjwa, muziki ukasikika mpaka bondeni. Baada ya mwaka mpya geti lilifungwa, na popo wakaendelea na makazi yao, ambayo yalikuwa nafuu sana.

Mama yake, Mama Theopista, aliishi hatua chache kutoka hapo, kwenye nyumba ya zamani ya mbao yenye bati lililochoka. Hakuna aliyewahi kumkataza kulala kwenye ghorofa. Hakuna pia aliyewahi kumkaribisha. Funguo alikuwa nazo yeye. Alifagia, akafuta vumbi, akafunga, akarudi kwake kuzungumza na ng'ombe wake, kwa sababu miezi kumi na moja ya mwaka hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Mratibu alitoka barazani, akamweleza Mektrida kwamba Serikali imesikia kilio chake. Angepewa nyumba ya mfano, nzuri sana, hewa safi, kwa siku tatu.

"Na baada ya siku tatu?" Mektrida aliuliza.

"Baada ya hapo mchakato utaendelea."

Mektrida aliwatazama wanawe. Alikuwa ameishi mjini muda wa kutosha kujua mchakato ni nini. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kushuka upande wa Kibosho, na baraza la ofisi halikuwa na ukuta. Aliuliza swali moja tu, kama huko kuna maji. Mratibu alisema maji yapo ndani ya nyumba, moto na baridi. Basi akabeba kichwa cha cherehani kama mtu abebavyo mtoto mchanga, akaingia garini.

Dereva wa ofisi, kijana aliyeitwa Davis, alipakia magodoro akicheka peke yake.

"Bosi, hapa umecheza kama wewe," alisema.

Bwana Wenseslaus alimkumbusha kwamba lile si jambo la kucheza, ni majaribio shirikishi ya makazi.

Huko juu Mama Theopista aliwapokea wageni bila kuuliza. Watoto walimwamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine, naye akawaitikia marahaba huku akiwashika vichwa, kana kwamba anahakikisha ni watoto kweli. Jioni hiyo alipika mtori wa ndizi na nyama, kwa sufuria kubwa ambayo haikuwa imetoka kabatini tangu Krismasi.

Mwanawe alimvuta pembeni karibu na zizi, akamweleza namna mambo yatakavyokuwa. Wageni wakubwa wanakuja. Wakimuuliza nyumba ni ya nani, aseme ni ya Serikali.

Mama Theopista alikuwa mwanachama wa jumuiya ndogo ndogo ya kanisa, na jambo hilo lilimsumbua. Aliuliza kama huo si uongo.

"Si uongo, mama. Ni lugha ya kiserikali."

"Na padre akiniuliza?"

"Padre hayumo kwenye ujumbe."

Mama alimsugua ng'ombe shingoni. Kisha akauliza kama wale watoto nao ni wa lugha ya kiserikali, au ni kweli hawana pa kulala. Mratibu alikiri kwamba hilo la watoto lilikuwa kweli. Mama akasema sawa, amesikia.

Mektrida hakufungua mizigo. Nyumba ilikuwa na vyumba sita vya kulala, lakini yeye na wanawe walilala wote katika kimoja, kilicho karibu na mlango, kwa sababu hawakujua mtu hulalaje peke yake na kuta nne zote. Kesho yake aliweka cherehani barazani, akamshonea Mama Theopista pindo la gauni lililokuwa limefumuka. Jirani mmoja alipita akaona, akarudi na sketi ya mwanawe. Kufikia Jumatano jioni foleni ya nguo ilikuwa imefika kwenye vichwa vya simba, na Mektrida alikuwa anauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kujibiwa, shule ya karibu iko upande gani.

Alhamisi Mheshimiwa Pamela alifika na magari matatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye tabia mbaya ya kufungua milango. Alifungua bomba, yakatoka maji. Akaliacha likimwagika kwa muda, akalitazama kama anayesubiri likiri. Akafungua kabati, akakuta sare za shule zimekunjwa. Sebuleni alisimama mbele ya picha kubwa ukutani, ambayo Mratibu katika pilikapilika za maandalizi alikuwa ameisahau. Ilimwonyesha Bwana Wenseslaus mwenyewe katika joho la kuhitimu.

"Huyu?" aliuliza.

"Huyo ni msimamizi wa mradi," Bwana Wenseslaus alijibu. "Wanufaika wetu hupenda kumkumbuka."

Mheshimiwa Pamela aliitazama picha, akamtazama yeye, akarudi kwenye picha.

"Iacheni hapo hapo," alisema. "Wanufaika wana haki ya kukumbuka."

Walitoka nje, uwanjani. Palikuwa na mwenyekiti wa kijiji, majirani, waandishi wawili wa habari na Mama Theopista katika gauni lenye pindo jipya. Mheshimiwa Pamela alimwamkia mama kwa heshima, shikamoo bibi, akainama kidogo, kisha akamuuliza mbele ya watu wote nyumba ile ni ya nani.

Bwana Wenseslaus alimgeukia mama yake. Mama yake alimtazama, na katika macho yale hakuona hasira; aliona kitu ambacho hakukijua jina, kitu kama mtu aliyekaa muda mrefu akisubiri kuulizwa.

"Nyumba ni ya Serikali," Mama Theopista alisema. "Mwanangu amenihakikishia."

"Na ardhi hii?"

"Kihamba ni changu. Aliniachia mume wangu, mwenyekiti huyu ni shahidi. Serikali ikitaka nyumba yake ikae hapa na huyu mama na watoto wake, mimi nimekubali. Nimekubali mpaka Mungu atakaponiita. Na wanangu wasije wakasema hawakusikia, maana mmoja yupo hapa."

Mwenyekiti alisema kijiji kimesikia. Majirani walipiga makofi, na safari hii hapakuwa na mstari wa mbele.

Mheshimiwa Pamela alisema ametembea mikoa mingi akionyeshwa misingi, mabango na utepe wa kukata, na leo ndiyo mara ya kwanza anaona mradi wenye watu na sufuria jikoni. Aliomba funguo. Mama alimpa. Akamkabidhi Mektrida mbele ya kamera, akatamka kwamba kuanzia leo ndiye mpangaji halali wa nyumba ya mfano ya Kibosho, kwa kodi ya mtu wa cherehani, na hataondolewa ila kwa idhini ya makao makuu. Mektrida alizipokea kwa mikono miwili. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi, funguo kifuani, akalia bila sauti mpaka mtoto wake mdogo akaja kumfuta kwa tai ya shule.

Bwana Wenseslaus alijikohoza. Alieleza kwamba pengine ingefaa kusubiri tathmini ya mwisho.

"Bwana Wenseslaus," Mheshimiwa Pamela alisema, "unyenyekevu ukizidi unakuwa kikwazo cha maendeleo. Umefanya kazi nzuri. Mwezi wa kumi na mbili, kabla ya sikukuu, nitarudi kuziona zile sita."

Usiombe kujua safari ya kurudi mjini ilikuwaje. Mratibu alilitazama jambo lake kila upande, na kila upande ulikuwa ukuta. Angesema nyumba ni yake, angeulizwa basi ile ya Serikali iko wapi, na fedha zake zililala hoteli gani. Angenyamaza, nyumba imekwenda. Alichagua kunyamaza, kwa sababu kunyamaza ndiko alikokuwa na uzoefu nako.

Lakini zilibaki sita. Aliwaita wenzake sita ofisini, akafunga mlango, akawaeleza kwa lugha ya kitaalamu kwamba Kitengo kina pengo la utekelezaji, na kwamba kwa bahati njema kila mmoja wao ana kitu cha kulizibia. Mhasibu, Bwana Fabian, ambaye nyumba yake ya Machame ilikuwa na bwawa la kuogelea, alisimama akashika kiuno.

"Mangi, unatumaliza," alisema, akimwita kwa cheo cha machifu wa Kichaga.

Bwana Wenseslaus alimjibu kwamba hawamalizi, anawashirikisha. Wanaweza kutoa nyumba, au wanaweza kwenda pamoja kutoa maelezo, na maelezo nayo yana makazi yake, yenye madirisha madogo. Mmoja alilia kidogo, kwa ajili ya vigae vyake vya kutoka Uturuki. Kisha wakafikia muafaka, na hapo ndipo ule utamaduni uliojengwa kwa gharama kubwa ulipoonekana kuwa na faida.

Hivyo ndivyo Kitengo cha Kuongeza Makazi Nafuu kilivyotimiza lengo lake kwa asilimia mia moja. Mama muuza ndizi wa Himo alihamia Marangu na wajukuu wake. Mpagazi wa mlimani mwenye mke mjamzito alipewa ile ya Machame, na inasemekana bwawa lile sasa linafuga samaki. Mheshimiwa Pamela alikuja, akafungua milango yote, akapiga picha na kila familia. Bwana Wenseslaus alipewa cheti na mkono wa pongezi. Habari zilipofika Dar es Salaam, watu wengi wenye majumba matupu milimani walishikwa ghafla na upendo wa wazazi: kila wiki gari lilipanda kumhamisha bibi fulani kutoka nyumba ya mbao kwenda kwenye ghorofa la mwanawe, isije ikaonekana ni tupu. Watu wa Pasua walipanda kwa miguu kwenda kuona. Hawakupata wote nyumba, hata kidogo. Lakini waliopata walikuwa wamelala ndani.

Krismasi ikafika. Violet, mke wa Bwana Wenseslaus, alisema yeye na watoto watakula sikukuu kwa dada yake Arusha, kwa sababu hawezi kubisha hodi kwenye mlango aliouchagulia rangi. Bwana Wenseslaus aliamua kwenda peke yake kumwona mama. Aliliacha gari barabarani, akapanda na njia ya migombani, mkononi ameshika mfuko wa nyama na sukari.

Nyumba ya mbao ilikuwa imefungwa, na kwenye mlango kuku walikuwa wamejitwalia madaraka. Alikimbia kuelekea ghorofa. Barazani mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa na wazee wawili wakinywa mbege, pombe ya ndizi, wakamkaribisha kwa ukarimu mkubwa, kama mgeni. Kelele za watoto zilitoka ndani. Madirisha yote yalikuwa wazi, hata yale ya juu ambayo yeye hakuwahi kuyafungua.

Mektrida alitokea mlangoni akikausha mikono. Alimwamkia vizuri, akamwambia bibi yupo salama. Mvua za vuli zilipoanza, bati la kule lilivuja mpaka kitandani, basi wakamwomba ahamie huku, chumba cha mashariki, anapenda kuona jua. Alilisema kama jambo dogo. Bwana Wenseslaus alikumbuka kwamba alikijenga chumba kile kwa ajili ya wageni.

"Shikamoo, mama," alisema hatimaye, maana alikuwa amemwona nyuma ya Mektrida, amekaa kwenye kochi, mtoto mmoja kajilaza mapajani pake.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu ndani, Bwana Wenseslaus," Mektrida alisema, akimpisha. "Karibu sana, hapa ni kwako."

Aliinua mguu kuvuka kizingiti.

"Vua viatu kwanza," Mama Theopista alisema. "Hapa ni kwa watu."

Wazee barazani walitazama vikombe vyao. Bwana Wenseslaus, Mratibu, alishusha mfuko chini, akainama, akaanza kufungua kamba.